Pumba si Dawa ya Kila Tumbo



Baada ya sala ya Isha hapa Mbugani, mzee mmoja wa jamaa yetu alitusubiri nje ya msikiti mpaka watu wakatawanyika. Alitaka tumsomee dua. Kwa miaka miwili alikuwa akipitisha siku tatu, hata nne, bila kupata choo. Tumbo likijaa na kumsokota, na maumivu yakipungua kila alipofanikiwa kwenda haja. Hospitali walimpima, hawakuona kidonda wala uvimbe, wakamwambia ana utumbo mnyeti, hali ambayo madaktari huiita kwa kifupi IBS. Jirani akamshauri ale dona na kutia pumba za ngano katika uji, vijiko vitatu kila asubuhi. Baada ya juma moja tumbo lilikuwa kama ngoma, naye akaanza kuamini kwamba ametupiwa kitu.

Dua tulimsomea. Kisha tukamsihi arudi kwa daktari, nasi tukafuatana naye. Tuliyojifunza tumeona vema tuyaeleze hapa, kwa kuwa ni maradhi ambayo nyumba nyingi huyaficha kwa haya.

Ushauri wa jirani ulikuwa na asili yake. Daktari Denis Burkitt, mpasuaji aliyefanya kazi Uganda kwa takriban miaka 20, ni miongoni mwa walioufundisha ulimwengu thamani ya nyuzinyuzi, yaani sehemu ya mmea ambayo mwili wetu hauwezi kuimeng'enya. Mwaka 1972 yeye na wenzake walichapisha vipimo vyao: kwa wanavijiji wa Uganda waliokula mazao ya shamba, chakula kilipita mwilini kwa siku moja na nusu hivi, kwa Waingereza waliokula vyakula vilivyokobolewa, kilichukua zaidi ya siku tatu.

Hata hivyo, utumbo mnyeti una tabia yake. Gesi ambayo mtu mwingine haihisi, huyu humuumiza. Mwaka 2009 watafiti wa Uholanzi walitoa matokeo ya wagonjwa 275 wa IBS waliofuatiliwa kwa majuma 12. Kundi moja lilipewa kila siku gramu 10 za isabgoli, ambayo ni maganda ya mbegu yanayovimba na kuwa ute yakitiwa majini. La pili gramu 10 za pumba za ngano. La tatu unga wa mchele, kwa ajili ya kulinganisha. Waliotumia isabgoli ndio waliopata nafuu zaidi. Waliopewa pumba ndio walioacha kwa wingi, hasa kwa sababu hali yao ilizidi kuwa mbaya.

Basi zipo nyuzinyuzi za aina mbili. Za kwanza hunyonya maji, zikakilainisha choo. Hizi zimo katika isabgoli, na kwa kiasi katika papai, karoti na chungwa linaloliwa na nyama zake. Za pili ni ngumu, kama zile za pumba. Hubaki zilivyo na huweza kuuchokoza utumbo ulio mnyeti. Mtu mzima mwenye afya hunufaika na zote.

Tutazame sasa sufuria zetu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate walau gramu 25 za nyuzinyuzi kwa siku. Gramu 100 za wali mweupe, hata uwe wa mchele wetu wa Kyela unaonukia mtaa mzima, hazina hata gramu moja. Na usipa hawana kabisa. Wali haudhuru, tena ni mpole kwa tumbo, ila hautoshi peke yake. Gramu 100 za maharage yaliyopikwa zina takriban gramu 6, na parachichi la Rungwe halipungui kiasi hicho. Mwenye utumbo mnyeti aanze na kidogo: maharage yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, yaive sana, na yaliwe vijiko vichache. Aongeze polepole kwa majuma kadhaa, huku akinywa maji ya kutosha. Nyuzinyuzi bila maji huweza kukizidisha choo ugumu. Na isabgoli hunywewa papo hapo kwa gilasi iliyojaa.

Tunawanasihi pia wasiozoee kunywa sanamaki kila siku pasipo ushauri wa daktari, na wasiizuie haja inapokuja. Kusali hali umebanwa ni makruhu, kama tunavyojua. Na kuahirisha mara kwa mara hukikausha choo. Katika mwezi wa Ramadhani, maji yagawanywe tangu futari hadi daku, yasiachwe yote kwa pumzi moja.

Zipo dalili zisizongoja papai: damu katika choo, kukonda bila sababu, upungufu wa damu, au mabadiliko ya choo yanayoanza mtu akiwa amepita miaka 50. Mwenye hayo aende hospitali mapema, wala asijipe mwenyewe jina la IBS.

Mzee wetu aliacha pumba. Daktari alimwanzishia isabgoli kijiko kimoja kidogo, akamwagiza papai asubuhi na matembezi ya jioni. Hajapona kabisa, na baadhi ya siku tumbo bado humjaa. Lakini sasa hupata choo kila baada ya siku moja au mbili, na habari za kutupiwa kitu hatujazisikia tena kinywani mwake. Juzi alimleta kwetu kijana mmoja mwenye shida kama yake, akamwambia mbele yetu, "Usione haya, mwanangu. Sema."

Wabillahi tawfiq.