Kisangani: Lupus si uchawi, mama mgonjwa apimwe mkojo

Kila tarehe 10 Mei, dunia inakumbuka ugonjwa wa lupus. Mjini Kisangani siku hiyo inapita kimya, ijapokuwa dalili za ugonjwa huo si ngeni kwa wakaaji: homa inayorudi hata kipimo cha malaria kisipoonyesha kitu, viungo kuuma na kuvimba, nywele kukatika, madoa kwenye mashavu na pua, mkojo wenye povu. Mama mwenye dalili hizo anapewa dawa ya malaria mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Asipopona, minong'ono inaanza: amelogwa, amelishwa sumu, ao yeye mwenyewe ndiye mchawi.

Utafiti wa kisayansi unatoa jibu lingine. Kinga ya mwili ni kama askari wanaolinda mji. Katika lupus, askari hao wanashindwa kutofautisha adui na raia, wanageukia ngozi, viungo, damu na hata figo za mtu yule yule wanayepaswa kumlinda. Ugonjwa huu hauambukizi. Kula naye sahani moja hakuleti lupus, na kulala naye chumba kimoja vilevile.

Kwa nini askari wanakosea? Sehemu ya jibu iko katika jeni, yaani urithi ambao mtoto anapata kwa baba na mama. Mwaka 2022 watafiti walitangaza kwamba kwa msichana mmoja wa Hispania, kosa moja katika jeni inayoitwa TLR7 lilitosha kuleta lupus. Jeni hiyo iko kwenye kromosomu X. Mwanamke ana X mbili, mwanaume ana moja. Hiyo ni moja ya sababu zinazotolewa kueleza kwa nini kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake. Lakini kwa wagonjwa wengi, jeni nyingi zinachangia kidogo kidogo, na urithi peke yake hautoshi. Kwa mapacha wa kufanana, mara nyingi mmoja anaugua na mwenzake anabaki mzima. Jua kali, homoni na maambukizi vinaongeza uzito wao.

Habari hii inagusa Afrika moja kwa moja. Mwaka 1968 daktari Brian Greenwood aliandika kwamba huko Ibadan, Nigeria, magonjwa ya namna hii yalionekana kwa nadra, akajiuliza kama malaria ndiyo inabadilisha kinga ya watu. Mwaka 2010 utafiti uliohusisha watoto wa Kenya ulionyesha jambo la ajabu kuhusu jeni FCGR2B, ambayo ni breki ya kinga. Watoto waliorithi breki dhaifu kwa baba na kwa mama walikingwa zaidi na malaria kali. Lakini breki hiyo hiyo dhaifu inaongeza hatari ya lupus. Huenda basi kile kilichookoa watoto wa mababu na malaria ndicho kinachowasumbua baadhi ya wajukuu leo. Hapo mchawi anaingia wapi?

Dawa ya msingi ya lupus nayo ni ndugu wa dawa ya malaria. Inaitwa hidroksiklorokini, na ni jamaa ya klorokini ambayo wazee wa Kisangani walimeza miaka mingi kwa jina la Nivaquine. Hata hivyo, si dawa ya kujinunulia sokoni: daktari ndiye anapanga kipimo chake na kufuatilia macho ya mgonjwa.

Kuna watakaosema kwamba Tshopo ina malaria, njaa na jamaa zilizokimbia vita vya Wambole na Walengola tangu 2023, kwa hiyo lupus ingoje. Hoja hiyo ina uzito, lakini inasahau kwamba hatua ya kwanza ni karatasi ndogo ya kupima mkojo, ile ile wanayopimiwa wamama wajawazito. Protini ikionekana, figo zinaweza kuwa hatarini, na mgonjwa anapaswa kutumwa hospitali kubwa kwa kipimo cha damu. Figo zikiharibika kabisa, hakuna karatasi ya bei ndogo itakayozirudisha.

Basi vituo vya afya, kuanzia Lubunga hadi Mangobo, vimpime mkojo kila mama ambaye homa na maumivu ya viungo vinamrudia. Chuo Kikuu cha Kisangani kianze kuhesabu wagonjwa hao, kwa sababu asiyehesabiwa hapangiwi dawa. Wachungaji na machifu nao waseme wazi kwamba ugonjwa huu una sababu ndani ya damu. Mama aliyekwisha kupoteza nyumba na shamba kwa sababu ya vita asipoteze pia jamaa yake kwa sababu ya neno moja la uongo.