Ulienda Addis, au Ulienda Hotelini?

Kuna aina ya Mkenya msafiri ambaye siku hizi tunaye kwa wingi. Pasipoti yake imejaa mihuri: Addis, Kigali, Accra, Lusaka, Dakar. Kabatini ana mifuko ya kitambaa yenye nembo za warsha, na ndani ya kila mfuko kuna kijidaftari ambacho hakijaandikwa hata ukurasa mmoja. Muulize Lusaka ikoje. Atakwambia waifai ilikuwa poa. Muulize Accra watu hula nini. Atakwambia bafe haikuwa mbaya, ila kuku alikuwa mkavu. Huyu mtu, wasee, hajaenda popote. Amelala hoteli moja katika miji mitano.

Sisemi haya kwa wivu wa aliyeachwa nyumbani. Mimi mwenyewe hula mkate wangu huko. Kazi yangu ni kuandika ripoti za warsha. Nakaa nyuma ya ukumbi na kompyuta, nanasa nani kasema nini, halafu usiku nageuza maneno ya siku nzima kuwa kurasa ishirini. Kwa hivyo najua kinachosemwa kwenye vikao hivi, na najua kinachoamuliwa. Na ninasema hivi: safari ya kazi inayokufungia hotelini inatufundisha kuitazama miji ya Waafrika wenzetu kwa macho ya kukodi. Mbaya zaidi, tukishaitazama hivyo, tunaandikiwa hundi tutoe mapendekezo juu yake.

Chukua Addis Ababa. Kutoka Nairobi ni kama saa mbili kwa ndege, na mwenye pasipoti ya Kenya haombi viza. Tulipelekwa huko watu wa miji kadhaa ya Afrika, siku tatu, kuzungumzia usafiri wa umma mijini. Shirika lililotualika sitalitaja, maana yako mengi na tabia ni moja. Kabla hatujaondoka lilitutumia kurasa nne za tahadhari. Usitembee peke yako. Usipande gari la umma. Usile chakula cha barabarani. Ukitaka kutoka, mwarifu ofisa wa usalama siku moja kabla.

Hebu rudia hiyo ya pili. Warsha ni ya usafiri wa umma, na sharti la pili ni usipande gari la umma.

Hoteli yetu ilikuwa hatua chache kutoka Meskel Square, na hapo karibu ndipo njia mbili za treni ya umeme ya Addis hukutana, moja ikitoka mashariki kwenda magharibi, nyingine kaskazini kwenda kusini. Treni hiyo ilianza 2015, kwa sehemu kubwa kwa mkopo wa China, na ilikuwa ya kwanza ya aina yake Afrika Mashariki. Miaka iliyofuata treni nyingi ziliegeshwa kwa kukosa vipuri, na zilizobaki zikawa zinajaa hadi mlangoni. Kwa mtu wa Nairobi hilo ni darasa la bure kabisa. Dar es Salaam ina mabasi ya mwendokasi tangu 2016. Sisi mwaka 2018 tulipakiwa mstari mwekundu Thika Road, tukaambiwa tusubiri. Addis inajua utamu wa kuzindua na uchungu wa kutunza, na sisi tunahitaji kuyajua yote mawili kabla hatujakopa.

Basi tulijifunza vipi? Kwa slaidi. Mtoa mada alikuwa na picha nzuri za treni hiyo, lakini jua la asubuhi lilikuwa linapiga kwenye skrini. Mhudumu akaitwa afunge mapazia ili treni ionekane vizuri. Nje ya yale mapazia treni yenyewe ilikuwa inapita.

Na kuna dereva. Yule aliyetuchukua uwanja wa ndege alishinda siku zote tatu kwenye maegesho, akingoja kama kuna mkubwa atataka kwenda mahali. Siku ya pili nilitoka kupunga hewa, tukaongea. Kumbe aliwahi kuendesha minibasi miaka sita, njia ya Merkato. Alinieleza kwa nini foleni za jioni hurefuka hata magari yakiwepo, kituo kipi kilielemewa treni zilipopungua, na mwenye gari humdai dereva kiasi gani kwa siku kabla dereva hajapata chake. Dakika ishirini tu. Hakuna slaidi iliyonipa hayo. Siku ya tatu warsha ilipitisha pendekezo kwamba wadau wa ngazi ya chini washirikishwe katika mipango ya usafiri, nami nikaliandika, maana ndilo lililopitishwa. Mdau mwenyewe alikuwa hapo chini, amelaza kiti, anasikiliza redio.

Mimi nilitoka. Kila asubuhi kabla ya kikao, na alasiri ya siku ya mwisho wenzangu walipokuwa wakifunga mizigo. Saa kumi na mbili asubuhi Meskel Square ina watu wanaokimbia kwenye ngazi zake ndefu, vijana kwa wazee, wengine wamevaa jezi za timu ya taifa. Jaribu kuwafuata uone. Addis iko zaidi ya mita 2,300 juu ya usawa wa bahari, na Nairobi yetu tunayoisifu kwa baridi haifiki 1,800. Kifua kilinieleza tofauti hiyo kabla sijamaliza ngazi kumi.

Nilipanda minibasi ya buluu na nyeupe. Makanga wao anaitwa weyala, naye huita “Arat Kilo, Arat Kilo, Piassa!” kwa kelele ile ile ya makanga wetu wa tao. Ukitaka kushuka unasema “woraj ale”. Msichana wa chuo aliyekaa karibu nami ndiye aliyenifundisha, na niliposema mara ya kwanza gari zima likacheka. Kutoka Arat Kilo nilipanda kwa miguu hadi Sidist Kilo, penye mnara wa Yekatit 12, kumbukumbu ya watu waliouawa na Waitaliano Februari 1937. Jina la mnara ni tarehe ya mauaji kwa kalenda yao. Njiani kuna Makumbusho ya Taifa, anakohifadhiwa Lucy, ambaye wao humwita Dinkinesh. Ilikuwa Jumatano, siku ya mfungo kwa Waorthodoksi, kwa hivyo mkahawa mdogo nilioingia ulikuwa na shiro, dengu na mboga, hakuna nyama. Hotelini mchana ule kulikuwa na nyama ya aina nne, na hakuna mgeni aliyepata sababu ya kujua kwamba mji mzima umefunga.

Halafu kuna jambo la saa. Waethiopia huhesabu saa kama sisi. Jua likichomoza, siku inaanza, na saa moja baadaye ni saa moja. Mwenzetu kutoka Afrika Magharibi alipatana na dereva kwa Kiingereza wakutane saa mbili. Dereva alifika saa mbili asubuhi. Mgeni akateremka saa nane mchana, akafoka kwamba watu wa hapa hawajali wakati. Pale ukumbini walioelewa bila kuelezwa ni Mtanzania na mimi. Tumezoea kumwomba mgeni radhi kwa hizi saa zetu za “kinyume”, kumbe jirani yetu wa kaskazini, nchi yenye watu zaidi ya milioni mia moja, anaamka na kulala kwa saa hizo hizo. Kahawa wanaiita buna. Mkulima wa Nyeri anayeanika buni zake juani hahitaji mkalimani hapo.

Umoja wa Afrika, wenye makao yake papo hapo Addis, ulikikubali Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya kazi mwaka 2022. Tulishangilia mitandaoni wiki nzima. Sawa. Lakini undugu ambao tayari upo kwenye saa ya ukutani na kwenye kikombe cha kahawa hatuujui, kwa sababu ukurasa wa tahadhari umetuambia tubaki chumbani.

Najua majibu. La kwanza ni usalama: ati unataka watu waibiwe, hujui mtembezi hula miguu yake? Mimi ni mwanamke. Nimebeba mkoba kifuani tangu kidato cha kwanza, sihitaji kuhubiriwa hatari. Merkato kuna wezi wa mifukoni, kama Gikomba. Ethiopia ilipitia vita vya Tigray vya 2020 hadi 2022, na mgeni mwenye akili huuliza hali ilivyo kabla ya kwenda. Lakini kuuliza ni kuuliza wenyeji: dada wa mapokezi, dereva, mwenzako anayeishi huko. Watakwambia twende huku, huku tusiende, na ikifika saa mbili usiku urudi. Hiyo ni tahadhari. Kurasa nne zinazoufanya mji wa mamilioni kuwa kitu kimoja cha kuogopwa ni kitu kingine.

Na sisi Wakenya ndio wa mwisho kukubali mchezo huo, maana tunachezewa kila siku. Tahadhari za Marekani kwa wasafiri wake huitaja Eastleigh na Kibera kwa majina, mahali ambapo wengine wetu tumezaliwa, tunanunua nguo, tunazika wazee wetu. Mwaka 2015, Obama akiwa njiani kuja, CNN ilituita kitovu cha ugaidi. Tuliwaka Twitter hadi mmoja wa wakubwa wa CNN akapanda ndege kuja Nairobi kuomba radhi. Kumbe sisi wenyewe tukipewa beji na posho tunatua mji wa jirani, tunavuta pazia, halafu tunarudi tukisema “Addis haiko salama” kama tuliouona. Tuliuona wapi, bana?

Jibu la pili: tulienda kufanya kazi, si kuzurura. Kama kazi ni mji, basi mji ndio kazi. Muda pia ulikuwepo. Chakula cha mchana kilikuwa saa moja na nusu kila siku. Usiku wa pili tuliletewa wacheza eskista hotelini, wakatikisa mabega tukiwa tumeshika glasi, tukapiga picha. Kwa hivyo hela na muda wa kuleta kipande cha mji ndani vilipatikana. Vilivyokosekana ni vya kututoa sisi nje.

La tatu ndilo ninaloliheshimu. Posho ni kodi ya nyumba. Kuna mtu kwenye warsha hizo anayekula biskuti chumbani ili arudi na dola za karo ya mdogo wake. Huyo simgusi. Namwambia tu kwamba nauli ya minibasi Addis ni ndogo kuliko kikombe cha kahawa cha hoteli, na shiro ya nje ni nafuu kuliko supu ya ndani. Wanaofaidika na wewe kubaki hotelini ni hoteli.

Na tusidanganyane kwamba kutoka ni kupiga picha watoto wa wenyewe. Mji si mbuga. Ukitoka na kamera mbele ya uso, hujatoka bado. Toka na swali ambalo kazi yako inakudai. Kama ni afya, kaa kwenye benchi la duka la dawa. Kama ni chakula, nenda sokoni asubuhi mapema uulize bei. Kama ni usafiri, panga foleni.

Kwa wanaoandaa warsha, madai yangu ni machache. Siku moja kati ya tatu iwe nje, ndani ya ratiba, na si kwa basi la vioo vyeusi. Dereva, weyala na abiria wapewe kiti, maikrofoni na malipo kama mtoa mada yeyote. Ile sheria ya kukataza gari la umma iondolewe, au warsha ihamishiwe kwenye mji ambao mnauamini. Na ukurasa wa kwanza wa kila ripoti useme wazi: wajumbe walisafiri vipi ndani ya mji huu? Kama jibu ni gari la hoteli, msomaji ajue mapema anasoma nini. Niko tayari kuuandika ukurasa huo bure.

Kwa wewe ambaye bado hujatumwa, lakini utatumwa, maana kizazi chetu ndicho sasa kinaitwa kwenye vikao hivi, kama watengeneza programu, watafiti, wasanii, waandishi: siku ya kwanza, kabla ya kuuliza neno la siri la waifai, uliza kituo cha karibu kiko wapi. Jifunze kuhesabu hadi kumi kwa lugha ya pale. Jifunze kusema nashuka hapa.

Na ukirudi Nairobi, usinihadithie vitanda. Niambie nauli ilikuwa ngapi.