Toba Isiyofika Nyumbani



Leo, Dominika ya Pili ya Majilio, Yohane Mbatizaji anatuonya kwamba kuwa uzao wa Abrahamu hakutoshi. Toba huonekana kwa matunda yake. Kwetu Tarime na Serengeti onyo hilo ni zito, kwa sababu Desemba ndiyo baadhi ya koo hufanya msimu wa ukeketaji. Kanisani tunavaa zambarau. Barabarani binti aliyekeketwa anasindikizwa kwa khanga, miavuli na nyimbo. Baadhi ya wanaomsindikiza ni waamini wetu.

Namfahamu baba mmoja, msomaji hodari wa masomo ya Misa, asiyekosa jumuiya wala zaka. Msimu uliopita binti yake alitoroka usiku kuomba hifadhi katika kituo cha Masanga. Baba alilalamika kwamba ameaibishwa. Aliona aibu mbele ya ukoo, si mbele ya Mungu. Januari shule zilipofunguliwa, wazazi wengine walikwenda kuwachukua mabinti zao. Yeye hakwenda.

Wapo wanaosema, "Nimalize mila kwanza, kisha nitaungama." Ndugu yangu, huo ni mpango, si toba. Kanisa linafundisha kwamba pasipo majuto na kusudio la kuacha dhambi, hakuna ondoleo. Sheria ya mwaka 1998 imefanya kumkeketa binti aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai, lakini hofu ya polisi inaweza tu kuhamishia kisu gizani. Toba hufika hata pale polisi asipofika.

Nasi mapadri tujipime. Mara ngapi tumempa kiti cha mbele mtoa ng'ombe wa mavuno bila kumwuliza habari za mabinti zake?

Zakayo alipompokea Yesu alitaja hesabu: nusu ya mali kwa maskini, na mara nne kwa aliowadhulumu. Toba ya kwetu nayo ina hesabu yake: kurudisha ng'ombe wa mahari waliokwisha kupokewa, kuwakatalia wazee wa mila mbele ya ukoo, kumrudisha binti nyumbani na shuleni bila kinyongo.

Kiti cha yule baba kanisani hakijawahi kuwa kitupu. Leo nitamwomba aiache sadaka yake mbele ya altare, aende kwanza Masanga.

Dominika njema.