Picasso na Somo la Kuchora

Wapo wanaodai kwamba baada ya vita vya 1914–1918 wachoraji wa Ulaya walijutia upotevu wao, wakarudia ustadi wa Wagiriki na Warumi. Basi mtoto naye afundishwe kunakili tu. Ni kweli kwamba wengi walitamani utulivu. Lakini hoja haisimami. Kiangazi cha 1921, huko Fontainebleau, Ufaransa, Picasso alichora wanawake watatu kwenye chemchemi, wazito kama sanamu za kale za mawe. Kiangazi hicho hicho, mahali hapo hapo, alichora wanamuziki watatu kwa vipande bapa vya rangi, mithili ya karatasi zilizokatwa. Mwalimu mtarajiwa, ukiwaonyesha wanafunzi picha ya kwanza, usiwafiche ya pili.