Mkono wa Kulia wa Mtoto Anayerusha

Mwezi uliopita tulialikwa chakula katika nyumba moja hapa Busale. Kijana wa nyumba hiyo, mwenye umri wa miaka 12, alinyoosha mkono wa kushoto katika sinia ya wali. Mama yake alimkemea mbele ya wageni, na ilikuwa haki yake. Mtoto akajaribu kwa mkono wa kulia. Tonge halikufika kinywani. Kiwiko kilikataa kukunjika.

Ikabainika kwamba kwa majuma kadhaa alikuwa akificha maumivu. Yumo katika timu ya mpira wa mikono inayojiandaa kwa UMITASHUMTA, naye aliogopa kuachwa. Baada ya mazoezi hushika kombeo, akawinga ndege katika mpunga hadi karibu na Magharibi. Mwalimu huona mitupo ya uwanjani, mzazi huona ya shambani, wala hakuna anayeijumlisha. Kiwiko hubeba yote.

Mfupa wa mtoto hukua katika sehemu laini za gegedu zilizo karibu na viungo. Kila mtupo wa nguvu huivuta sehemu hiyo upande wa ndani wa kiwiko. Ikivutwa kila siku bila kupumzishwa huumia, na yaweza hata kubanduka. Ndiyo sababu katika Little League, ligi ya besiboli ya watoto iliyoanzia Marekani, mrushaji wa miaka 11 au 12 harushi zaidi ya mara 85 kwa siku, na akifikisha 66 hupumzishwa siku 4.

Tena nguvu ya kurusha haitoki mkononi peke yake. Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza mengi kwa kutazama video za intaneti, alirusha mkuki mita 92.72 mjini Beijing mwaka 2015 akawa bingwa wa dunia. Mtazameni: anakimbia, mguu wa mbele unakita, kiuno kinageuka, kifua kinafuata, na mkono unakuja mwisho kabisa. Watoto wetu wengi hurusha wamesimama wima, kwa bega tupu.

Wapo wanaodhani kwamba kumlea mtoto kiume ni kumwambia avumilie. Mtume (s.a.w.) alihimiza kulenga na kurusha, akakuita nguvu, naye ndiye aliyefundisha kwamba mwili una haki juu ya mwenyewe. Maumivu yanayorudi kila mtoto arushapo, au mkono usionyooka sawa na mwenziwe, ni sababu ya kuacha kurusha na kwenda kwa tabibu. Kuchua kwa nguvu, ambako wengi wetu hukukimbilia, huweza kuzidisha madhara.

Kijana yule alipelekwa hospitali, akaamriwa kupumzika. Mwalimu wake hakumwondoa katika timu. Amempa daftari ahesabu mitupo ya wenzake. Na ndege wa shambani sasa wanawingwa na dada yake, kwa debe na fimbo.