Mgonjwa amepasuliwa, sasa nani anamupikia?

"Mama, ukule vizuri. Nyama, mayai, maziwa." Ni maneno hayo tu aliyopewa mama mmoja siku aliporuhusiwa kutoka hospitali hapa Bunia, baada ya kupasuliwa na kuondolewa tumbo la chakula kwa sababu ya kansa. Aliitika, akakunja karatasi yake, akarudi kwenye saiti ya wakimbizi wa ndani. Yeye ni mhami wa kutoka Djugu. Kuku aliwaacha huko, shamba aliliacha huko. Nilipomtembelea wiki mbili baadaye, mbele yake kulikuwa na bugali ya muhogo na sombe isiyo na karanga, sahani moja kwa siku nzima.

Ndugu wasikilizaji, na ninyi jamaa mulioko kwenye saiti na katika familia zilizowapokea, mimi si mnganga. Lakini hili naweza kulisema: chakula cha mtu aliyepasuliwa matumbo ni sehemu ya matibabu, sawa na serumu na sindano. Na sehemu hiyo hapa kwetu tumemuachia mlinzi wa mgonjwa peke yake, yule dada au shemeji anayelala chini ya kitanda na kupika nje na makala ya kuazima. Hospitali zetu nyingi hazina jiko la wagonjwa. Mwenye ndugu anakula, asiye na ndugu anaangalia wenzake.

Mutazame hesabu. Wataalamu wa lishe wanasema mtu aliyetoka kwenye upasuaji mkubwa anahitaji kila siku gramu 1,2 hadi 1,5 za protini kwa kila kilo ya mwili wake. Mtu wa kilo 50 anahitaji basi gramu 60 mpaka 75. Yai moja linatoa kama gramu 6. Gramu 100 za unga wa muhogo hazifiki hata 2. Kwa hiyo mtu anaweza kushiba bugali mpaka ashindwe kusimama, na mshono wa ndani ukakosa kitu cha kuushikamanisha. Mshono wa utumbo ukiachia, uchafu unamwagika ndani ya tumbo, na hapo tunarudi kisuni au tunaenda makaburini. Pesa za upasuaji, ambazo familia ilichangisha mpaka kwa watu wa kanisa, zinapotea.

Na wagonjwa hawa hawaanzi wakiwa na nguvu. Kansa ya umio au ya tumbo inamzuia mtu kumeza miezi mingi kabla hajafika hospitali. Anafika mifupa tu. Mtu aliyekaa siku nyingi karibu bila kula asijazwe chakula kwa ghafula; muuguzi ndiye amuanzishe polepole, kwa sababu mwili unaweza kushindwa na ukamuua.

Tukumbuke pia desturi ya zamani ya kumfungisha mgonjwa siku nyingi "mpaka atoe hewa". Siku hizi, kwa upasuaji mwingi wa utumbo, wanganga wanakubali aanze kunywa na kula kidogo mapema, hata ndani ya siku moja. Si kwa kila mtu; aliyepasuliwa umio ana njia yake. Lakini muna haki ya kumuuliza mnganga: anaanza lini, na anaanza na nini?

Kwa yule mama niliona jambo lingine. Jirani walimletea sukre na biskuti, kama tunavyofanya sisi sote tukienda kusalimia mgonjwa. Akinywa, jasho lilimtoka, moyo ulienda mbio, akaharisha. Watu wakaanza kunong'ona kwamba amelishwa sumu. Si sumu. Asiye na tumbo la chakula, vitu vyenye sukari nyingi vinashuka kwenye utumbo kwa kishindo. Mtu kama huyo anakula kidogo kidogo mara 6 kwa siku, na maji anakunywa mbali na chakula. Mara 6! Na mgao unapikwa mara moja kwa familia nzima.

Sasa munisikie vizuri ninyi mnaopanga misaada. Katika UNTA zetu wanapokelewa watoto wa miezi 6 hadi 59, na kuna mpango kwa mama wenye mimba na wanaonyonyesha. Ni sawa kabisa, mtoto wa bwaki asiguswe nafasi yake. Lakini mtu mzima aliyetoka kisuni wiki iliyopita haandikwi popote. Hapimwi mkono, hapimwi kilo. Kwenye orodha ya mgao yeye ni mdomo mmoja kama mingine. Naomba karatasi ya hospitali ihesabiwe kama sababu ya nyongeza kwa miezi michache: maharagi, soya, mafuta. Wagonjwa wa namna hii si wengi kiasi cha kumaliza depo.

Na wanganga wetu, ninaowaheshimu, waache kuandika "nyama, mayai, maziwa". Waandike vitu vya soko letu, na kwa kipimo cha kijiko na gobele. Uji wa mahindi uliochanganywa na soya iliyokaangwa na kusagwa. Karanga za kusaga ndani ya uji. Samaki wadogo wakavu waliotwangwa kuwa unga, vijiko viwili juu ya kila sahani. Samaki wa Tchomia na Kasenyi wanafika hapa kila wakati vita inapopumzika. Yai likipatikana, liwe la mgonjwa, hata kama baba amezoea kupewa yeye. Mwenye mfuko wa choo tumboni unaotoka kwenye utumbo mwembamba aongezewe maji na chumvi, maana vinamtoka.

Jambo la mwisho ni karatasi. Aliyeondolewa tumbo lote anahitaji sindano za vitamini B12 maisha yake yote. Akiba ya mwili inaweza kudumu miaka kadhaa, kwa hiyo ganzi ya miguu na upungufu wa damu vinakuja wakati kila mtu amekwisha kusahau kisu. Katikati ya miaka hiyo familia inaweza kukimbia mara tatu. Mufunge karatasi ya upasuaji ndani ya mfuko wa plastiki pamoja na kadi ya mchaguzi, na mtoto mkubwa ajue iko wapi.

Yule mama sasa anapata uji wa soya asubuhi na jioni. Wanawake 5 wa saiti wameweka likelemba ndogo kwa ajili yake, kila mmoja gobele moja kwa wiki. Wanasema wanaweza kuendelea mpaka mwisho wa mwezi.