KONA YA MWALIMU: Kuna Ziwa Kivu lingine, kule Zohali

Mwezi huu tuzungumze jiografia, lakini ya mbali sana.

Sayari ya Zohali ina mwezi mkubwa unaoitwa Titan. Huko baridi ni nyuzi 179 chini ya sifuri, maji yameganda kama jiwe. Lakini bahari na maziwa yapo! Yamejaa methani, gesi ile ile iliyo chini ya Ziwa Kivu, ambayo Rwanda inaitoa ili kupata umeme. Kwetu ni gesi. Huko, kwa ile baridi, imekuwa kama maji.

Hakuna mtu aliyefika, na ukungu mzito unafunika yote. Sasa ramani ilichorwaje? Chombo kinachoitwa Cassini kilizunguka Zohali toka 2004 mpaka 2017, kikapita karibu na Titan mara 127. Kilituma mawimbi ya rada na kusikiliza yakirudi. Ukipiga kelele mbele ya kilima, si sauti inakurudia? Ndiyo hivyo. Nchi kavu ilirudisha mwangwi wa nguvu, ikaonekana nyeupe. Ziwa tulivu lilirudisha kidogo tu, likaonekana jeusi. Mwaka 2013 walipima hata kina cha bahari ya Ligeia: mwangwi mmoja ulitoka juu, wa pili chini kabisa. Wakahesabu muda kati yake, wakapata kama mita 160.

Maziwa ya Titan yalipewa majina ya maziwa ya dunia. Moja ni Kivu, upana kama kilomita 77, karibu sawa na Muyinga mpaka Gitega ukiruka kama ndege. Lingine dogo ni Rwegura, kama bwawa la hapa Burundi.

Wazazi, watoto wetu wengi wamezaliwa kambini. Kivu kwao ni jina tu, kama Titan. Tusipowasimulia, nani atawasimulia?

Kazi ya nyumbani: mwanafunzi, chora ziwa la kwenu. Uliza kwanza: Goma iko upande gani? Bukavu je? Kisiwa cha Idjwi kina urefu gani? Wa Uvira na Fizi, chora Tanganyika. Uliza mama, uliza babu, uliza jirani. Majibu yakipishana, rudia kuuliza, maana hata Cassini haikupita mara moja.

Leteni ramani darasani, tutazibandika ukutani. Mpaka mwezi ujao, kwaherini.